Mikate Juu ya Paa la Usta Zanati

Karatasi zilikuwa mbili mezani kwa Mhandisi Raafat, msimamizi wa barabara za mji, na Shehata alizisoma zote mbili kichwa chini miguu juu, akiwa amesimama upande wa pili wa meza kama mtu aliyekuja kuuliza choo kiko wapi. Ya kwanza ilisema magari katika Mtaa wa Sakia, kutoka kivuko cha reli mpaka msikitini, yasizidi mwendo wa kilomita thelathini kwa saa. Ya pili ilisema baiskeli za mikate zisionekane katika mtaa huo kuanzia alfajiri mpaka alasiri. Mhandisi alikuwa ametangaza kwamba leo hii, kabla ya adhuhuri, atatia saini moja na kuichana nyingine, kwa sababu amechoshwa na kelele za pande zote mbili.

Alfajiri mpaka alasiri! Sasa mkate unaotoka tanurini alfajiri upelekwe kwa watu saa ngapi, wameshalala? Lakini ndivyo madereva wa mabasi madogo walivyoandika, tena kwa macho makavu.

Shehata alikuwa na miaka arobaini na tisa. Ishirini na sita katika hiyo alikuwa ameimaliza juu ya baiskeli, mkono mmoja kwenye usukani, mkono wa pili umeshika chaga la mbao kichwani, na juu ya chaga mikate mia moja na ishirini ya moto. Kazi nyingine hakuijua na wala hakuitaka. Karatasi ya pili ikitiwa saini, basi yeye na wenzake wa tanuri la Hajati Insaf wakakae barazani wahesabu nzi.

Na chanzo chenyewe kinauma. Jumamosi iliyopita, karibu na kivuko cha reli, basi dogo la abiria lilikuja mbio likamchota rafiki yake Barakat, yeye na chaga lake. Mguu ukavunjika mara mbili. Watu wa mtaa waliokota mikate kwanza au Barakat kwanza, hilo bado linabishaniwa, ila vyote viliokotwa. Ungedhani madereva wangeona haya. Thubutu! Baada ya siku tatu wakaja na karatasi yao: eti baiskeli ndizo zinazoleta ajali.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Kushoto madereva arobaini, kulia waendesha baiskeli kumi wenye unga kwenye nyusi. Katikati ya madereva aliketi mkubwa wao, Usta Zanati, usta kwa maana ya bingwa wa kazi yake, mtu wa kifua na masharubu, ambaye hata mkutanoni alikuja na glasi yake ya chai. Alipoinuka kusema, wenzake walianza kucheka kabla hajafungua mdomo.

"Mheshimiwa mhandisi," alisema, "sisi tunabeba watu wanaowahi kazini. Hawa mabwana wanabeba nyumba kichwani, wanayumba kushoto, wanayumba kulia, halafu wanataka tuwafuate polepole nyuma, tunapiga honi, kama msafara wa bwana harusi!"

Ukumbi ulivunjika mbavu. Hata mhandisi aliinamisha uso.

Ikaja zamu ya Shehata. Usiku mzima alikuwa amepanga maneno, na sasa yote yalimtoroka. Akasimama tu, akivua kofia yake ya sufu na kuivaa tena.

"Sema, we Shehata!" Hajati Insaf, mwenye tanuri, alimfokea kutoka nyuma. "Au ulimi umeuacha tanurini?"

"Barakat kaumia," alisema Shehata.

"Mungu amponye," Usta Zanati alijibu haraka, na kwa kweli alimaanisha. "Tumempelekea machungwa. Lakini tatizo si mwendo, ndugu yangu. Tatizo ni mkono. Mimi mwaka wa thelathini huu nashika usukani. Mtaa wa Sakia napita na sitini, na glasi hii hapa iko kwenye dashibodi, haimwagiki hata tone. Waulize abiria wangu."

"Wallahi kweli!" walipiga kelele madereva. "Hata tone!"

Shehata alimtazama yule mtu na glasi yake. Hasira iliyokuwa imemkaa kooni tangu Jumamosi ikashuka, na pale ilipokuwa ikabaki nafasi ya maneno.

"Haimwagiki, usta?"

"Haimwagiki."

"Basi beba mikate."

"Nini?"

"Chaga moja, mikate mia na ishirini, juu ya paa la gari lako. Bila kamba, kama mimi ninavyobeba bila kamba. Kutoka kivuko cha reli mpaka msikitini, kwa mwendo wako huo wa sitini. Ukifika mkate haujaanguka, mimi mwenyewe nitamwomba mhandisi atie saini karatasi yenu, na baiskeli yangu naitundika ukutani."

Wenzake walimvuta shati. "Umerukwa na akili? Unatuuza?" Hakuwasikiliza. Alijua anachezea kazi ya watu kumi na mmoja, lakini macho hakuyaondoa kwa Zanati.

"Na ukianguka?" aliuliza Zanati, bado anatabasamu.

"Ukianguka, au ukipunguza mwendo, ni thelathini. Na utalisema hilo kwa mdomo wako mwenyewe, mbele ya hawa."

Mtu mwenye madereva arobaini nyuma yake atakataaje? Zanati alimaliza chai kwa funda moja. "Mimi nilidhani utanitaka nibebe mayai!" alisema. Wakacheka tena.

Aliyekuwa mgumu ni Hajati Insaf. Alisema mkate wake si wa kuchezea, kwamba chaga hilo linasubiriwa kwenye duka la ful, yale maharage ya asubuhi, kule kupita msikiti, watu wana njaa. Alipokubali, alimnyooshea Zanati kidole. "Neema ya Mungu hiyo, we mwanamume. Ukiimwaga chini, kila asubuhi nitasimama mlangoni kwako niwaambie majirani."

Mhandisi alichukua koti lake. "Twendeni. Mimi nitakaa mbele, nisome spidi."

Chaga lilipandishwa juu ya paa pale kwenye tanuri, karibu na kivuko. Mvuke bado unatoka. Zanati mwenyewe alilisukuma mpaka katikati, akalitikisa, akaridhika. Aliweka glasi mpya ya chai kwenye dashibodi. Mhandisi akakaa kando yake, Shehata nyuma ya kiti cha dereva, na wenzake tisa wakapanda baiskeli zao kufuata, mmoja akiikokota ya Shehata.

"Bismillahi," alisema Zanati, akakanyaga mafuta.

Lazima kusema kweli: aliendesha vizuri. Gia ziliingia kama kisu kwenye samli. Ishirini, thelathini, arobaini, na ile chai haikutikisika. Shehata aliuona akilini ukuta wa nyumba yake, akaiona baiskeli imetundikwa.

Kisha, juu ya vichwa vyao, chaga likalia: kwiii. Kidogo tu.

Zanati aliinua macho kwenye paa, kana kwamba angeweza kuona. Na hapo ndipo mtaa ulipoamka. Mwanamke wa mapera alikuwa wa kwanza kuliona chaga halina kamba. Aliweka mikono kichwani. "Mikate! Usta, mikate!" Kinyozi akatoka nje na wembe mkononi. "Polepole, usta, mikate hiyo!" Bawabu wa jengo la rangi ya waridi akakimbia sambamba na gari, mikono juu, tayari kudaka. Huyo bawabu miaka yote magari yanapita mbele yake kama risasi hajawahi kuinuka kwenye kiti chake.

"Thelathini na nne," alisema mhandisi.

"Kuna tuta mbele," alisema Zanati.

"Hakuna tuta, usta," alisema Shehata. "Lingekuwapo, magari yangepunguza mwendo, na ugomvi huu usingekuwapo."

Jasho lilianza kwenye masharubu ya Zanati. Alikanyaga tena mafuta. Arobaini na tano. Sasa, bata maji akatoka katikati ya magari mawili, na nyuma ya bata yule, bibi mmoja mwenye bata wake, hana habari na dunia. Zanati akakanyaga breki. Kwa upole, ndiyo, upole wa miaka thelathini, na chai ikabaki ndani ya glasi. Lakini chaga halikujua habari za upole. Lilikwaruza paa mpaka ukingoni, likasita, na mkate mmoja ukateleza, ukapita mbele ya kioo machoni mwa wote watatu, ukaanguka barabarani.

Bibi alivuka na bata wake.

Zanati alizima gari katikati ya njia. Nyuma honi zilianza, matusi yakaanza, yeye hasikii. Alishuka. Mtu mzima yule, mkubwa wa madereva, aliinama hadi chini, akauokota mkate kwa mikono miwili. Akaupuliza vumbi. Akaubusu, akaugusisha kwenye paji la uso, akaubusu tena, akaenda kuuweka juu ya ukuta, mahali pa ndege, mbali na miguu ya watu. Midomo yake ilikuwa ikiomba msamaha, na haikuwa kwa Shehata.

Aliporudi alilisukuma chaga katikati ya paa, akaingia, akaendesha. Kichwa nje ya dirisha, jicho moja barabarani, moja juu. Mhandisi alisoma kwa sauti ya chini: ishirini na saba. Ishirini na nane. Ishirini na saba. Tuk-tuk zikampisha. Mtaa mzima ukamsindikiza kwa macho, na hakuna aliyeumia, na hakuna aliyepiga kelele.

Mbele ya msikiti alisimamisha gari, akashusha pumzi kama mama aliyemlaza mtoto. Mhandisi alitazama saa yake.

"Ukiacha pale ulipookota mkate, umechelewa dakika mbili hazijatimia."

"Mbili tu?" Zanati alishangaa kweli. "Mimi nilidhani nusu saa."

Baiskeli kumi zilikuwa zinafika. Madereva nao, waliokuja kwa miguu na kwa magari, wakakusanyika. Shehata alishuka akasimama mbele yake. Sasa maneno hayakumtoroka.

"Usta, nani kakulazimisha kupunguza mwendo?"

"Mikate, bwana. Umeona mwenyewe."

"Kwa mkate umekanyaga breki. Umeshuka, umeinama, umeubusu." Alilionyesha chaga juu ya paa. "Jumamosi, usta, mikate ilikuwa hii hii. Barakat ndiye alikuwa chini yake."

Zanati alimtazama yule dereva wake kijana aliyemgonga Barakat, na yule akatazama viatu vyake. Kisha akapanda kwenye kidato cha mlango wa gari lake, na macho yalikuwa mekundu.

"Thelathini!" aliunguruma. "Mmenisikia? Thelathini! Atakayepita Sakia zaidi ya hapo asipange gari kituoni kwangu, na asiniite usta!"

Mhandisi alitia saini juu ya boneti. Ile karatasi ya pili akaichana mara nne, vipande akavitia mfukoni, maana ni mtu asiyechafua barabara. Kengele kumi za baiskeli zililia kwa pamoja, Hajati Insaf, aliyefika akihema, akapiga kigelegele ambacho hakuwa amekipiga tangu binti yake aolewe, na Shehata alilia machozi waziwazi bila hata kujifuta.

Duka la ful lilikuwa hatua mia mbili mbele. Shehata alipanda baiskeli yake, wenzake wakamtwika chaga, mikate mia moja na kumi na tisa. Akaondoka katikati ya barabara, mgongo wima. Nyuma yake likafuata basi la Usta Zanati, taratibu, na nyuma ya hilo mabasi mengine yote, na madereva wakaanza kupiga honi kwa mahadhi yale yanayopigwa bibi harusi akitolewa kwao. Mtaa ukapiga makofi.

Barakat aliishi juu ya duka la ful. Kelele zilimtoa kitandani, akachechemea mpaka roshani, mguu wake mzito wa plasta nyeupe mbele, ganda la chungwa mkononi.

"We Shehata!" alipaza sauti. "Umeoa?"

Shehata hakuweza kuinua kichwa, ana mikate. Aliinua mkono wa usukani, sekunde moja tu, akaurudisha.

Aliyejibu ni Zanati, kichwa nje ya dirisha. "Pona urudi kazini, Barakat! Njia ni yako!" Kisha akarudisha jicho kwenye spidi, akakuta kumi na tano, akaiacha hapo hapo.