Mazoezi ya Wattie kwenye Mchanga

Siku tisa zilibaki kabla ya mashindano ya gofu ya wawili wawili. Jozi hupiga mpira mmoja kwa zamu. Mwenzako akikosea, wewe unaanzia penye kosa lake. Wattie Lornie na kaka yake Dod walikuwa wamecheza hivyo kila Mei kwa miaka thelathini na minane. Lakini tangu baridi ianze, mikono ya Dod ilikuwa ikitetemeka, chai ikimwagika kisahanini. Hii ndiyo ingekuwa Mei yao ya mwisho, na Wattie alimwomba Mungu jambo moja tu: wamalize mashimo yote kumi na manane bila kaka yake kuaibika.

Asubuhi hiyo alikuwa amemaliza ndoo nzima ya mipira Senga, mwalimu wa gofu, alipompitia.

"Mzee Wattie, unafanya mazoezi au unapura shayiri?"

"Nanyoosha mkono, binti."

"Mipira mia, fimbo moja, wote kutoka hapo tambarare! Uwanjani nani atakupa tambarare? Chukua mpira mmoja. Uweke pale mchezo utakapokutupa, upige, uufuate mpaka uingie shimoni. Halafu uuweke pabaya pengine."

Maneno hayo yalimwingia. Jumapili kanisani, mchungaji akihubiri, Wattie alikuwa akiwaza mahali mpira utakapoangukia: shimo la pili, mchangani; la nne, chini ya miiba yenye maua ya njano; la saba, nyuma ya ukuta wa mawe. Akatubu kwa kutosikiliza mahubiri. Jumatatu alfajiri akaanza kupitia mahali hapo pote kwa zamu, upepo wa bahari ukimpiga usoni. Kufikia Alhamisi hakuna pabaya palipomshinda.

Siku hiyo ya Alhamisi Dod alikuja na chupa ya chai. Alisimama ukingoni mwa shimo la mchanga lililochimbwa kutega mipira, akamtazama mdogo wake akiuzika mpira nusu kwa kisigino.

"We Wattie, umerogwa? Nani anajizikia mpira mwenyewe?"

"Mazoezi tu, kaka."

Dod akacheka. Kisha kicheko kikapungua. Akautazama mchanga, akageuka kutazama miiba, ambako nyasi zilikuwa zimekanyagwa upya.

"Hapa niliuangusha mwaka jana," alisema taratibu. "Na pale pia. Unafanya mazoezi ya makosa yangu."

Wattie akainama kupangusa mchanga kwenye fimbo.

"Haya, piga. Nione."

Wattie akapiga. Mpira ukaruka na mchanga wake, ukatua kwenye majani mafupi, ukajiviringisha hadi shibiri moja kutoka shimoni. Hakuwahi kupiga vizuri namna ile maishani mwake. Dod akapiga makofi, viganja vikikosana.

"Umekuwa fundi, mdogo wangu. Utanibeba vizuri. Ila mimi nilitaka kucheza, sikutaka kubebwa."

"Kaka, mpira ni mmoja, wetu wote..."

"Najua. Nakushukuru kwa hilo, kweli nakushukuru."

Akaiweka chupa ya chai nyasini, akaelekea kwenye jengo la klabu, ilikobandikwa mlangoni orodha ya majina ya wachezaji. Kwa desturi yao, jina hufutwa na mwenyewe tu. Wattie angeweza kumkimbilia; alikuwa na miguu mizuri kuliko yeye. Alibaki amesimama mchangani, fimbo mkononi, akimwomba Mungu kalamu iwe imekauka.

Dod alikaa kule mlangoni kitambo kirefu. Mkono wake haukumruhusu kuchora mstari ulionyooka juu ya jina lake, na hakutaka kuondoka kabla haujanyooka.