Mikono Yenye Hasira

Kwa miaka minne, fundi cherehani alimwogesha mama yake kila asubuhi kabla ya kwenda kufungua kibanda chake cha kushonea. Mama alikuwa amepooza upande mmoja. Kumgeuza kitandani kulitaka nguvu, na kumlisha kulitaka subira. Nguvu Fundi alikuwa nazo, subira alijilazimisha.

Mdogo wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Kicheko, alikuja Jumapili tu. Alimpaka mama mafuta ya kunukia, akamsuka, akammwagia umbea mpaka mama akacheka machozi yakamtoka. Fundi aliwasikia akiwa uani, mikono imezama kwenye mashuka, na roho ikamuuma kama sindano imeingia chini ya ukucha. Yeye hakuwahi kuchekewa hivyo. Kazi zangu, sifa zake!

Jumapili moja Kicheko alipobisha hodi, Fundi alifungua mlango nusu.

"Mama amelala."

"Jamani dada, nimchungulie tu?"

"Nimesema amelala."

Kicheko akamwachia chupa ya mafuta, akaondoka.

Fundi aliporudi chumbani alimkuta mama yu macho.

"Umemfukuza mdogo wako."

Hapo yakamtoka yote. "Si ndiye unayempenda! Mimi ninayekubeba unanitazama kama ukuta. Na kweli, mama, kuna asubuhi sitaki hata kukuona."

"Najua," mama akasema, maneno yakimvutika mdomoni. "Mikono yako husema. Leo ilikuwa na hasira. Lakini maji uliyapima kwanza kwa kiwiko, yasiniunguze." Akapumzika kidogo. "Mwenzako huja akiwa na furaha. Siku akikosa furaha, sijui kama atakuja. Wewe umechoka, umenichukia, na umekuja. Mbele yako naona aibu, mwanangu, mtu mzima kugeuzwa kama kichanga. Mbele yake najisahau. Ndiyo maana nacheka."

Fundi alitoka mbio, hata viatu hakuvaa. Alimkuta Kicheko kwenye kona, anafuta macho.

"Hakuwa amelala. Nilikudanganya."

"Kwa nini, dada?"

"Nakuonea wivu."

"Na mimi nakuogopa," Kicheko akasema. "Kazi zako siziwezi. Nikimwona alivyokonda, nalia."

Wakarudi pamoja. Wivu haukumtoka Fundi. Jumapili iliyofuata ulikuwa bado unamchoma, lakini akamfungulia mdogo wake mlango wote.