Babu Chini ya Jina la Safinaz

Alhamisi, kipindi cha tatu, mwalimu wa lugha, Abla Insaf (Abla ndivyo tulivyowaita walimu wa kike), alipanda juu ya dawati akabandika gazeti la ukutani kwa pini nane. Alifanya hivyo kila mwezi kwa miaka ishirini na miwili katika sekondari ya wasichana ya mji wetu wa Damanhuri. Lilikuwa karatasi moja kubwa ya manila. Hadithi za wanafunzi alizinakili kwa mkono wake, kwa kalamu ya mwanzi, na jina la kila mwandishi aliliweka chini kwa wino wa kijani. Baadhi ya majina hayo yalifika mpaka kwenye magazeti ya Kairo, na shule ilijivunia hilo kuliko vyoo vyake, ambavyo havikuwa na maji.

Kilichoandikwa vizuri katika shule ile kilikwenda nyumbani kwa mwenye jina. Hilo lilijulikana. Mwaka mmoja msichana aliandika juu ya mlimau uliootea kwenye paa la nyumba yao, na wazazi wake mpaka leo hawanunui malimau. Ndiyo maana Abla Insaf alikataza hadithi za ngamia.

Ibtihal, binti wa fundi viatu, aliandika juu ya babu yake, mlinzi wa kivuko cha reli, aliyefariki majira ya baridi. Alimwandika kwa wiki sita: jinsi alivyomenya machenza na kuondoa nyuzi nyeupe moja moja, jinsi alivyokohoa kabla ya kusema uongo. Ijumaa baada ya kumaliza na kutia jina lake chini, watu walipotoka msikitini, babu aliingia, akavua viatu, akaomba chai, akauliza nani kaiuza baiskeli yake. Mama yake Ibtihal alimtilia sukari vijiko vinne, maana daktari hakuwa na la kusema tena. Akaja Ijumaa ya pili, na ya tatu.

Wiki hiyo mkuu wa shule, Hajja Wafaa, alimwita Abla Insaf ofisini na kufunga mlango. Mkurugenzi wa elimu wa mkoa alikuwa ameomba jambo dogo. Binti yake Safinaz, aliyesoma darasa moja na Ibtihal, alitakiwa kuwa na hadithi ya kushindania zawadi ya mkoa, naye hakuwa nayo.

"Huyo wa fundi viatu ataandika nyingine kesho," alisema Hajja Wafaa. "Anaandika kama wengine wanavyopiga chafya. Na hilo gazeti lako, mwenzangu, unadhani linaendelea kwa idhini ya nani?"

Abla Insaf aliifikiria ile miaka ishirini na miwili. Alifikiria pia, na hili ndilo lililomtafuna baadaye, kwamba mtoto mwenye kipaji kile hawezi kupungukiwa. Alipoinakili hadithi ya babu gazetini, akaandika chini yake jina la Safinaz. Aliliandika vizuri sana, kwa sababu hakujua kuandika vibaya.

Ijumaa iliyofuata babu alipita mbele ya mlango wa fundi viatu bila kugeuka. Mama alimwita. Mzee aliitikia salamu kama mtu anavyomwitikia jirani asiyemjua, akaendelea hadi nyumba ya mkurugenzi kando ya mfereji. Huko walimpokea. Mke wa mkurugenzi alilalamikia zulia tu. Safinaz hakupenda machenza, lakini mzee alimmenyea hivyo hivyo.

Jumamosi Ibtihal aliingia chumba cha walimu bila kubisha hodi.

"Abla, nirudishieni babu yangu."

"Keti, mwanangu."

"Siketi! Jana baba kamfuata mpaka getini, bawabu akamfukuza kama mwizi. Na babu akatazama tu, Abla. Akatazama tu!"

"Mwandike upya. Safari hii nitaweka jina lako, naapa."

Ibtihal alimwandika upya. Mara ya kwanza vilikuja viatu peke yavyo, vikakaa mlangoni mpaka alasiri vikaondoka. Mara ya pili kilikuja kikohozi. Mara ya tatu hakikuja kitu, na Ibtihal akaacha kuandika.

Abla Insaf alikwenda ofisini kuomba jina libadilishwe. Ilimchukua wiki mbili kupata ujasiri huo, na kila siku ya hizo wiki mbili alijichukia.

"Muhuri wa mkoa umeshapigwa, Insaf," alisema Hajja Wafaa. "Hadithi imeshika nafasi ya kwanza. Sasa unataka nimwambie mkurugenzi arudishe zawadi, au arudishe mzee?"

"Vyote viwili."

"Haya, nenda darasani, kengele imelia."

Ijumaa moja Abla Insaf alimshika Ibtihal mkono wakaenda wenyewe nyumbani kwa mkurugenzi. Safinaz ndiye aliyewafungulia, na hakuweza kuwatazama machoni.

"Kila wiki namwambia si mimi," alinong'ona. "Anacheka. Anasema eti nina haya."

Mzee alikuwa sebuleni, kwenye kochi lenye kingo za dhahabu. Aliinuka kwa heshima.

"Karibuni, karibuni. Na huyu ni binti wa nani?"

Ibtihal alitaja jina la baba yake. Mzee alilitafuta jina la mwanawe kwa muda mrefu, kwa bidii ya mtu mwenye adabu.

"Simjui," akasema, "lakini nyumba yenye binti kama wewe haiwezi kuwa ya watu wabaya. Umesoma hadithi ya mjukuu wangu? Ndiyo iliyonitoa makaburini. Wewe nawe unaandika?"



"Hapana, babu," alisema Ibtihal.

Mzee alimwonea huruma. Akamgeukia Safinaz.

"Mfundishe mwenzio," akasema.

Safinaz akaitikia ndiyo, kama mjukuu anavyomwitikia babu yake.