Wali wa Siku ya Palizi

Zamda alitimiza miezi minne tangu aolewe Mnyuzi, na miezi yote hiyo alipika kwenye jiko la mama mkwe wake, Bi Mashavu. Ukoo ule ulikuwa na desturi yake: mke mpya hapewi mafiga mpaka apikie watu wengi na sufuria lirudi tupu. Likirudi na masalio, anasubiri msimu mwingine. Zamda alikwishachoka kusubiri. Aliyataka mafiga yake kama mtoto anavyotaka nguo ya Idi.

Ikafika siku ya palizi kwenye shamba la kijiji, na zamu ya kulisha wanawake kumi na watano ikaangukia nyumba ya Bi Mashavu. Mwaka ule wa sabini na mbili ujamaa ulikuwa bado wa moto, na aliyewalisha wapaliliaji vibaya alisemwa kijiji kizima. Bi Mashavu alimpa Zamda pishi mbili za mpunga na nazi tatu, akatia jembe begani.

"Haya, mwanangu. Leo ni wewe na Mungu wako."

Kwao Handeni walitwanga mahindi. Mchele waliununua dukani ukiwa mweupe tayari. Na hapa Mnyuzi Bi Mashavu hakumwamini mtu na mpunga wake, alitwanga mwenyewe alfajiri. Basi Zamda akatwanga, akapepeta, akaona makapi yameruka yote, akajipongeza na kuinjika. Nani angemwambia kwamba mpunga hutwangwa tena, ndiko kupwaya, mpaka ile ngozi ya kahawia itoke?

Maji yalikauka, mchele ungali mgumu kama changarawe. Akaongeza maji, yakakauka tena. Jirani yao Yuditha, Mshambaa asiyejua kunyamaza, akaja kuomba kaa la moto, akachungulia.

"Shoga, mbona wali wa kahawia? Hukupwaya?"

"Kupwaya ndiyo nini?"

Yuditha alicheka mpaka akashika nguzo. Alipoona mwenzake analia, akaacha. "Basi, nyamaza. Ongeza maji, palia makaa juu ya kifuniko. Utaiva, ila utachelewa."

"Na mboga nitapikia wapi? Mafiga si ndiyo haya haya!"

Yuditha akachukua kaa lake, akaenda zake. Zamda alitazama jua, akatazama ungo uliojaa mchicha, matembele na majani ya kunde aliyochuma asubuhi. Akafuta machozi. Alikatakata majani yote pamoja na vitunguu na nyanya, akayageuza ndani ya wali, akamwagia tui zito na kufunika. Liwalo na liwe.

Wanawake walipokaa mkekani na kuona wali wa rangi ya udongo uliochanganyika na majani, wakatazamana. Bibi Tatu, mkubwa wao, akauliza, "Hiki cha watu au cha kuku?"

Wakaangua kicheko. Zamda alitamani ardhi ipasuke. Bibi Tatu akatia tonge, akatafuna, akatafuna tena, kisha akalivuta sinia karibu yake.

"Chekeni nyinyi," alisema. "Mimi nakula."

Haukupita muda wakawa wanagombea ukoko.

Alasiri Bi Mashavu aliingia jikoni. Akafunua sufuria, akalikuta tupu.

"Hukupwaya."

"Sikujua, mama. Nisamehe."

"Nimekula mchana, mpaka sasa nimeshiba!" Bi Mashavu akajipiga paja. "Miaka thelathini napwaya mpaka mabega yananiuma, kumbe utamu nawapa kuku kwenye pumba!"

Akacheka hadi kanga ikamdondoka. Kisha akainama, akayang'oa mafiga kwenye majivu, akabeba mawili kuelekea nyumba ya Zamda.

"Mama, hayo yako! Mimi si nitaokotewa mengine mtoni?"

"Ya mtoni ya nini?" alijibu bila kugeuka. "Jiko la kwangu nimelifunga. Kuanzia leo nakula kwako."

Zamda alilifunga figa la tatu kwa kanga, maana lilikuwa bado na joto, akamfuata huku akilia na kucheka.