Kichefuchefu cha Tata Kalumba

Kule Musonoi kila mtu anajua: mke akishika mimba, kutapika ni kazi ya mume. Mimba ya Odile ilipoingia, mumewe Kabongo akaanza kutapika, huku Odile akimaliza sahani mbili za bukari, ugali wa kwao, bila kupumzika.

Kisha ukaja mwaka wa tisini na tatu. Vijana wakapita wakiimba kwamba watu wa mkoa wa Kasai warudi kwao. Kabongo, mtoto wa Wakasai aliyezaliwa hapo hapo Musonoi na ambaye hajaiona Kasai hata kwenye picha, akafukuzwa akalale gare kungojea treni. Tata Kalumba, baba yake Odile, aliimba na vijana hao, tena kwa sauti ya kwaya. Kisha akamrudisha binti yake nyumbani.

"Mutoto wangu hatapanda ile treni," akasema.

Wiki haijaisha, mzee akatapika. Akatapika asubuhi, akatapika akisikia harufu ya samaki, na Jumapili akanaswa nyuma ya choo akitafuna udongo wa wajawazito. Jirani yao, Mama Godelieve, alicheka mpaka kitenge kikamfunguka.

"Tata, maladi ya mimba imekosa bwana, imekamata weye!"

Odile hakucheka. Alimtaka mume wake, basi.

"Papa, twende gare tumurudishie mwenyewe," akasema.

Mzee alikuwa na kiburi, lakini tumbo nalo lilikuwa lake. Akakubali. Odile akabeba na furushi la nguo, mzee akajifanya haoni.

Gare ilijaa watu, masufuria na magodoro. Treni ilikuwa inapakia. Walimkuta Kabongo ameinama kando ya reli, anatapika. Waliolala naye pale walisema hajapata nafuu hata siku moja tangu afike.

Tata Kalumba akaduwaa. Kumbe ugonjwa wa Kabongo haukuhama.

"Sasa ii yangu iko ya nani?"

Kabongo, kwa heshima ya mkwe, akatazama chini.

"Iko yako, Papa," Odile akasema. "Uliimba na bale vijana."

Mzee akalichukua furushi, akalipitisha dirishani mwa behewa.

"Panda," akasema.

Treni iliposogea, Odile alichungulia. Baba yake alikuwa ameshika nguzo, anatapika, na mkono mmoja bado unapunga. Odile alikuwa hajamsamehe, lakini alimlilia mpaka gare ya Tenke.