Balagani ya Tuyaara

Utepe wa mpira ulivunjika kama biskuti. Tuyaara, mwalimu wa kijiji, aliusikia kabla ya kuuona: ka! kwenye kona ya juu, kisha ka! ka! ka! kuteremka ukuta mzima. Vipande vyeusi vikadondoka juu ya theluji.

"Shusha mnyororo!" alimpigia kelele dereva. "Taratibu!"

Hilo lilikuwa kasha la nne la shule mpya, la mwisho. Yote yalikuja juu ya malori yakiwa yamelala bapa kama mikeka. Ukivuta mnyororo, kuta zinainuka, sakafu inashuka, na palipokuwa na furushi la chuma panasimama chumba chenye madirisha. Lakini kuta zinapokutana, kinachozuia baridi ni utepe wa mpira tu, na mpira ule ulidhaminiwa kustahimili nyuzi arobaini chini ya sifuri. Jumatano hiyo zilikuwa hamsini na moja.

Shule ya kijiji iliungua mwezi wa kumi na moja. Ijumaa tume ya wilaya ingekuja na kipimajoto chake. Ikikuta nyuzi kumi na nane darasani, watoto kumi na mmoja wanabaki. Pungufu ya hapo wanapelekwa bweni mjini, safari ya siku nzima, na mwanawe Saina wa miaka saba akiwemo. Tuyaara alilijua bweni hilo; alilala humo utotoni. Mwaka mmoja alirudi kutoka huko, bibi yake akamwuliza kama ana njaa, naye akajibu kwa Kirusi badala ya Kisakha, lugha yao, bila kujua. Bibi aligeukia jiko.

Gennadi, mhandisi aliyekuja pamoja na makasha kutoka kusini, alitoka ndani ndevu zimeganda.

"Tisa! Hita zote zinawaka, nyuzi tisa! Mpira mpya ni wiki tatu. Hii si shule, Bi Tuyaara. Hii ni balagani!"

Kwa Kirusi neno hilo ni fujo, mchezo wa wapuuzi. Tuyaara alimsogelea.

"Rudia ulivyosema."

"Usikasirike, mama, ni baridi tu inanis—"

"Sijakasirika. Umesema kweli." Akamgeukia mwasha moto wa shule, mama mmoja mnene aliyekuwa akicheka tangu asubuhi. "Shangazi Varvara, ng'ombe wako wamekunya leo?"

"Wakose kunya, kwani wako likizo?"

Maana kwa Kisakha balagani ni nyumba ya majira ya baridi: magogo yaliyokandikwa mavi ya ng'ombe na theluji mpaka yakaganda kama jiwe. Humo bibi zao walizaliwa, humo walizeeka.

"Kwenye kuta zangu nyeupe?" Gennadi alishangaa.

"Zako?" alijibu Tuyaara. "Wewe Jumamosi unapanda ndege."

Walikandika viungo vyote vya kasha la kwanza, ndoo baada ya ndoo, mavi yakifuka mvuke. Yaliganda papo hapo. Kisha yakabanduka, bamba zima, yakapasuka chini kama sahani.

"Gogo lina magome," alisema Varvara. "Chuma kina nini? Kipara kama cha mume wangu."

Walikwenda kwake kunywa chai ya maziwa. Tuyaara hakuhisi vidole. Mlangoni ulitundikwa usinga wa kufukuzia mbu, wa singa za farasi, nao aliukodolea macho mpaka chai ikapoa.

"Una singa kiasi gani, shangazi?"

"Gunia. Nasuka usinga wa kuuza."

"Nazitaka zote."

"Na mbu wa Juni nitawafukuza kwa nini? Kwa ulimi?"

"Ulimi wako unawatosha na kubaki."

Wakazisokota singa, wakazisokomeza kwenye nyufa kwa bisibisi, ncha zikaachwa nje zishike. Safari hii mavi yaling'ang'ania. Alhamisi mchana, nyuzi kumi na nne. Jioni, kumi na saba. Gennadi mwenyewe alikuwa akibeba ndoo, na hakuna aliyemwuliza kuhusu weupe wa kuta.

Ijumaa asubuhi bado kumi na saba. Gari la tume lilishaonekana mtoni, likija juu ya barafu. Tuyaara alipitisha mshumaa ukutani, shubiri kwa shubiri. Chini ya dirisha la mwisho mwali ukainama: upepo ulipenya hapo.

"Singa!"

"Zimekwisha," alisema Gennadi.

Varvara alitoka mbio bila kofia. Aliporudi alikuwa na usinga wake wa mlangoni. Aliuvunja mpini kwa goti.

"Ziba!"

Mama wa tume alikaa darasani saa nzima na koti lake, macho kwenye kipimajoto. "Kumi na nane," alisema hatimaye. "Na nusu." Akanusa. "Ni nini kinanuka?"

"Balagani," alijibu Gennadi, akilitamka neno kwa Kisakha kabisa. "Itayeyuka mwisho wa Mei."

"Mwisho wa Mei shule inafungwa," alisema Tuyaara.

Mama yule alipiga muhuri: watoto wanabaki.

Watoto waliingia wakisukumana. Saina aliziba pua na kuanza kulalamika: kwamba kunanuka zizi, kwamba atakaa mbali na ukuta, kwamba mama yake ana wazimu. Yote kwa Kisakha, bila kukwama popote. Tuyaara alimwacha alalamike mpaka achoke.