Kumbusu Fanny

Mimi ni mtu wa Chini niliyeoa Juu, na hapa mjini Vaucelière hilo peke yake linatosha kukuharibia jina pande zote mbili. Chini, kando ya mto, kuna kanisa, soko na kiwanda cha hariri kilichofungwa kabla sijazaliwa. Juu, mlimani, kuna Waprotestanti, mbuzi wao na vichwa vyao vigumu. Tunagawana daraja moja na kinyongo kimoja.

Enzi za wafalme, askari waliwaamuru watu wa Juu wapige magoti barabarani wakati maandamano ya Mama Maria yakipita, tarehe kumi na tano Agosti. Wakakataa. Baadhi yao walifungwa minyororo wakapigishwa makasia kwenye merikebu za mfalme mpaka wakafa. Tangu hapo watu wa Juu hawapigi magoti. Kanisani kwao wanasali wamesimama. Mke wangu Noémie akiangusha sindano huinama tu, magoti hayagusi sakafu. Nilidhani ni mikogo yake, mpaka nilipomwona baba yake akipanda vitunguu.

Sasa kila tarehe hiyo, maandamano yakishamalizika, Juu na Chini tunacheza petanki uwanjani mbele ya mkahawa wa Odette. Wawili kwa wawili, kila mtu na mipira yake mitatu ya chuma. Mnatupa kwanza kipira kidogo cha mbao tunachokiita kinguruwe, halafu kila upande unajitahidi kukisogelea kuliko mwenzake. Wa kwanza kufika kumi na tatu ameshinda. Kushindwa si neno. Lakini ukishindwa bila hata pointi moja, unakwenda kumbusu Fanny. Fanny ni picha iliyochorwa kwenye ubao: mwanamke ametupa mgongo, amepandisha sketi, na matako yake yako wazi. Anakaa kwenye kikabati chenye pazia ukutani kwa Odette, na ametundikwa chini makusudi ili usimfikie ila kwa magoti. Unabusu pale pale unapopafikiria, mji mzima ukikutazama. Watu wa Chini wamembusu wengi, tena kwa vicheko. Wa Juu hajapata kumbusu hata mmoja.

Baba mkwe wangu, Abel Chastagnier, ndiye aliyewalinda na aibu hiyo kwa miaka mingi. Alikuwa fundi wa mchezo, mpira ukitoka mkononi mwake unakwenda alikoutuma. Lakini mwaka huu macho yameingia ukungu na mkono wa kulia unatetemeka hata akishika kijiko. Wenzake wote walimkimbia. Mmoja aliumwa mgongo, mwingine alikumbuka ghafla kwamba ana harusi.

"Cheza naye wewe," Noémie akaniambia.

"Mimi? Mimi hata ndoo ya taka siilengi sawasawa."

"Basi mtafanana. Firmin, nakuomba. Akikosa mwenzake atabaki nyumbani, na akibaki nyumbani mwaka huu hatatoka tena."

Nikakubali. Sikukubali kwa moyo mweupe, nisijisifu. Niliwaza tu watakavyonicheka.

Na kweli walinicheka. Upande wa Chini walimpanga kaka yangu Baptistin, mgongaji anayeweza kung'oa mpira wa mwenzake kutoka mbali bila kufikiri. Mwenzake alikuwa kinyozi wa pale sokoni, mtu wa maneno mengi.

"Mkwe wa mbuzi huyo amefika," kinyozi akasema. "Umenyoa vizuri, Firmin? Fanny hapendi ndevu."

"Mwache," Baptistin akasema. "Akishindwa leo nani atampa chakula cha jioni? Juu watamfukuza, Chini hatumtaki."

Watu wakacheka. Nami nikacheka, maana ungefanya nini.

Baada ya raundi chache hapakuwa na wa kucheka upande wetu. Mzee alitupa mipira yake ikaenda kufia kwenye mizizi ya miti. Yangu mimi afadhali nisiitaje. Tatu kwa sifuri, saba kwa sifuri, kumi na moja. Kila mpira wa mzee ulipopotea nilimwona anafuta mkono kwenye suruali, kana kwamba kosa ni la jasho. Na mimi, Mungu anisamehe, nilimwonea haya. Nilisogea pembeni kidogo, hatua hivi, ili anayetutazama aone kwamba huyu mzee na mimi si kitu kimoja.

Kumi na mbili kwa sifuri, kinyozi akapiga kelele kuelekea mkahawani.

"Odette, mpanguse vumbi bibi harusi."

Odette akafungua kikabati. Watu wakasogeza viti vyao kutoka uwanjani na kuvielekeza ukutani. Nikamwona Noémie amesimama karibu na chemchemi, mikono amefumbata, uso mweupe. Watu wa Juu waliokuja kutazama walianza kuondoka mmoja mmoja, wasije wakaona.

Raundi ya mwisho. Mipira yangu yote mitatu ikapotea, miwili ya mzee pia. Akabaki na mmoja. Aliinama sana, akakaa hivyo muda mrefu. Akautupa. Ukabingirika polepole, ukapita mipira ya kinyozi, ukasimama kiasi cha mkono mmoja kutoka kwenye kinguruwe. Ulikuwa mpira mzuri, nakwambia. Watu wa Chini wenyewe waliguna.

Lakini Baptistin alikuwa na mipira miwili mkononi, na mpira wa mzee ulikaa peupe, hauna kinga. Kwake yeye kuugonga ule ni sawa na kunywa maji. Akauweka mguu kwenye duara la kutupia, akainua kichwa kupima, na macho yetu yakakutana.

Nilimtazama tu. Lakini huyu ni kaka yangu, tulilala kitanda kimoja mpaka alipoenda jeshini, na anaujua uso wangu kuliko mama yetu alivyoujua. Nilimwomba kwa macho, naye alinisikia.

Mpira wa kwanza ukapita juu ya ule wa mzee, kiganja hivi. Wa pili ulikwenda kombo kabisa. Hata watoto waliokuwa juu ya ukuta walitazamana.

"Pointi moja kwa Juu," mwamuzi akasema.

Tumeokoka. Mzee hakusogea. Alimtazama Baptistin, kisha akanigeukia mimi.

"Umemwambia nini ndugu yako?"

"Sijamwambia kitu, baba."

"Ulimtazama."

"Baba, jua kali, mtu yeyote anaweza kukosa."

"Macho yangu hayaoni mbali, Firmin. Wewe ulikuwa karibu." Hakupaza sauti. Akamgeukia mwamuzi. "Pointi hiyo si yangu. Andika kumi na tatu kwa sifuri."

"Lakini Abel, mpira wako ndio ulio karibu."

"Andika."

Akatembea mpaka mkahawani. Hakuna aliyemfuata. Mbele ya kikabati akavua kofia, akaishika meza ya Odette, akashusha goti moja, kisha la pili. Nilisikia yakilia. Akabusu, akakaa pale pale kichwa kimeinama. Kinyozi aliyashusha macho kwenye viatu vyake.

Kuinuka ndiko kulikomshinda. Alijaribu, mkono ukateleza kwenye meza. Nikakimbia, nikampa wangu. Akauona. Akausukuma kando taratibu, kama mtu anayesogeza pazia, akanyoosha mkono kwa Baptistin aliyekuwa nyuma yangu.

"Nisaidie, kijana. Unapiga vizuri. Mwakani usinihurumie."

"Sitakuhurumia, mzee," kaka yangu akasema, huku akimwinua.

Noémie akaja, akamfuta baba yake vumbi magotini, akamshika mkono. Walipanda njia ya Juu pole pole, wote wawili, na Noémie hakunitazama.

Nilitaka kuwafuata. Odette akanishika bega.

"Wewe je? Mlicheza wawili."

Kwa hiyo nikapiga magoti. Mimi nimelelewa kanisani, magoti yangu yamezoea, yalishuka bila shida yoyote. Nikambusu Fanny, na hapo ndipo watu wote walipocheka.